Mafundi mnaoflashi ruta za watu bila bekapu, mnatutia hasara!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira.

Juzi nilimpelekea fundi ruta yangu aniwekee OpenWrt (fimuwea huria, yaani programu ya kuendesha ruta, badala ya ile ya kiwandani). Nikamuuliza, tena mara mbili: "Fundi, bekapu unachukua kwanza?" Akanijibu, "Kaka, hizi nimeshaflashi nyingi, ondoa shaka." Jioni narudishiwa ruta imewasha taa moja, haisogei. Eti ilikuwa mbovu toka mwanzo. Mbovu vipi, na asubuhi hiyohiyo nimeitumia kununulia luku?

Nikaifungua mwenyewe, nikaunga nyaya tatu za siriali kwenda kwenye kompyuta nisome ruta inasema nini ikiwaka, spidi 115200. Ikanitemea hii:

*** Warning - bad CRC, using default environment

Yaani mipangilio ya U-Boot (butiloda, programu ya kwanza kuamka ruta ikiwashwa) imefutwa au imeharibika, inatumia ile ya msingi iliyokuja ndani ya butiloda yenyewe. bootcmd, amri iliyokuwa inaielekeza U-Boot kerneli (kiini cha mfumo) ipo wapi kwenye chipu ya flashi, hakuna. Nikachungulia sehemu ya factory, inayotunza MAC (namba ya utambulisho wa ruta kwenye mtandao) na vipimo vya redio vya kiwandani. FF FF FF FF, yaani tupu, mwanzo mpaka mwisho. Kafuta mpaka sehemu hii!

bootcmd nitahangaika nayo, nitaitunga upya. Hata MAC nitaisoma kwenye stika ya chini. Lakini vipimo vya redio ya Wi-Fi vilipimwa kiwandani kwa ruta hii hii moja, nitavitoa wapi? Msiniambie nikope vya ruta nyingine ya modeli hiyo. Vile ni vya redio yake, na nikibeba factory yake yote nabeba na MAC zake.

Kinachoniuma ni kwamba kazi yenyewe ni ya dakika chache. Unasoma faili la /proc/mtd uone sehemu zote za flashi, unanakili kila moja, u-boot-env na factory (au ART kwenye za Atheros) zikiwa za kwanza, unaandika na majibu ya fw_printenv (amri ya kuonyesha mipangilio ya U-Boot) kwenye faili, unahamishia kwenye kompyuta. Kwenye kompyuta, wakuu, siyo kuziacha /tmp! /tmp ni RAM, ukizima umeme zimekwenda. Na kama fimuwea ya kiwandani haikupi njia ya kuingia, unabana chipu na CH341A (kifaa cha USB cha kusoma na kuandika chipu) unaisoma yote kabla hujagusa kitu. Huyu fundi CH341A anayo mezani, nimeiona kwa macho yangu!

Kesho saa tatu asubuhi niko dukani kwake. Hela yangu ya ufundi airudishe, na ruta anilipe.