Familia ya Kuze, Mombasa (kundi la WhatsApp): Latifa na kazi ya iventi

Mama Latifa: Assalam aleikum jamaa zangu. Naomba mnisaidie mawazo, Latifa keshamaliza diploma yake ya upangaji wa iventi na hadi sai yuko nyumbani, kila siku yuatuma sivii na hakuna hata mmoja anaejibu. Kama kuna anaejuana na mtu kwa hizi hoteli za Bamburi ama Shanzu tafadhali

Ami Said: Wa aleikum salaam. Hizo sivii zatumwa wapi hasa

Latifa: Shikamoo ami. Natuma kwa imeili za hoteli zile ziko kwa tovuti zao, na hawa wa mapambo ya harusi nawaandikia inboksi Instagram

Ami Said: Marahaba mwanangu. Hizo imeili sahau. Mimi nimefanya jikoni hotelini miaka mingi, shughuli zote za harusi na mikutano zashikwa na idara ya bankwiti. Nenda mwenyewe getini, uliza meneja wa bankwiti ni nani, jina lake ulijue. Nenda Jumatatu ama Jumanne asubuhi, usiende Ijumaa maana kuanzia hapo hawana hata nafasi ya kukuangalia. Na usiombe kazi ya ofisi, omba kibarua siku wana mkutano mkubwa. Wakikuona wajua kupanga meza za watu mia tatu bila kelele watakupigia wenyewe

Nasri: Lati kwanza sema wataka kazi gani, maana iventi ni pana. Kuna mahema na viti, kuna saundi na mataa, mapambo, chakula, wale wa kupokea wageni mlangoni

Latifa: Mi nataka kuwa plana, yule anaesimamia zote

Nasri: Sawa ila hio ndo ya mwisho kufikia, hakuna mtu atakupa harusi ya mwanawe na hajakuona ukishika hata kamba ya hema

Mama Latifa: Nasri usimvunje moyo mtoto

Nasri: Simvunji khale wallahi, nataka apate. Hebu pia aende Swahilipot pale karibu na Fort Jesus, wana shughuli za vijana, ajitolee nyuma ya jukwaa apate picha za kazi na watu wa kumtaja

Dada Zuhura: Nimekaa nasoma tu, ngoja niseme. Latifa hapa Mombasa una kitu ambacho wenzako wengi wanaotafuta kazi hii hawana, we ni mwanamke. Fikiria usiku wa kupamba bibi harusi, ukumbi wote wa wanawake, mabuibui yashavuliwa, simu zakusanywa mlangoni, mwanamume haingii. Sasa DJ awe mwanamke, mpiga picha mwanamke, mlinzi mwanamke, na mapambo twapata wasichana wengi mashallah lakini wa mataa na saundi hawapatikani. Juzi kwenye kazi moja ya kampuni yangu ya harusi, bibi harusi yuko mlangoni ndo yuaingia, stima ikakatika ukumbi mzima kiza, fundi wetu wa kiume yuko nje kwenye gari na hawezi kuingia. Mtu wa chakula alikuwa kachomeka birika kubwa la umeme kwenye laini moja na mataa ya jukwaa. Kuna msichana mmoja kwa timu yangu yeye huandika kila waya kwa tepu nyeupe, hii ya spika, hii ya mataa ya nyuma, akachomoa birika, akazima mataa ya jukwaa, akapandisha swichi, akarudisha spika kwanza ndo taarab ikaendelea, halafu mataa moja moja. Bibi harusi hata hakujua kumetokea nini. Huyo msichana sai hapati nafasi ya kupumua, kila mtu amtaka

Latifa: Lakini dada sisi shule hatukufunzwa hayo ya umeme kabisa

Dada Zuhura: Najua, walikufunza bajeti na ratiba, na hizo pia zina kazi yake usizitupe. Kule kwetu saa nane za usiku watu wote wamechoka wataka kwenda kulala na bado kuna viti vya kuhesabu, vilikuja vingapi vyarudi vingapi, vitambaa vingapi vimeungua na udi, nani kasaini. Anaeandika hayo vizuri ndo atakuwa plana kesho. Mimi natafuta huyo mtu

Ami Said: Na vibali. Sherehe ikiwa nje na ina spika kubwa yataka kibali cha kelele kutoka kaunti, kuna kanuni za NEMA, mamlaka ya mazingira, za 2009. Ajue ofisi ni gani na wataka barua gani, kampuni nyingi hukimbizana na hayo siku ya mwisho

Latifa: Jamani kuna jambo nataka kuwauliza. Kuna watu walinipigia wakasema nimepata intavyuu ila nitume kwanza elfu tatu na mia tano ya yunifomu na mafunzo. Sijatuma

Ami Said: USITUME. Mwajiri wa kweli hakudai pesa umfanyie kazi. Akikwambia ulete cheti cha tabia njema cha polisi hio sawa, hio utalipa mwenyewe kwa tovuti ya serikali ya eCitizen ukachukuliwe alama za vidole kituo cha Huduma pale GPO, posta kuu, lakini pesa ya kuingia intavyuu hapana. Wazuie hao

Nasri: Na bei ya siku iandikwe kwa WhatsApp kabla hujatoka nyumbani. Watu wengi wamefanya kazi mpaka alfajiri halafu waambiwa mteja hajamaliza kulipa

Ami Said: Kisheria kibarua hulipwa mwisho wa siku, Sheria ya Ajira ya 2007 imesema hivo. Na akikuweka mfululizo mwezi mzima huyo si kibarua tena, ana haki za mwajiriwa. Mwanangu ujue haki yako na uidai kwa adabu

Bi Mwanaisha: Assalam aleikum. Nimesomewa na Swaleh. Mimi langu ni moja, hizo saa nane za usiku mtoto wa kike arudi na nani

Dada Zuhura: Wa aleikum salaam, shikamoo bibi. Kwangu wasichana wote warudishwa na gari mpaka mlangoni, na mimi ndo wa mwisho kushuka

Bi Mwanaisha: Marahaba. Basi mimi sina neno, Mungu amfungulie. Na kampuni nyengine akienda aulize gari kwanza kabla ya pesa

Latifa: Nimesikia bibi 🙏

Nasri: Lingine ni msimu. Mwezi wa mlisho (Shaabani) harusi hujaa, Ramadhani maharusi hakuna, kisha mfungo mosi (Shawwal) zaja zote pamoja. Hoteli ni Disemba, na sho ya kilimo ya Mkomani pia yataka watu wengi. Ukienda kuomba katikati ya msimu hakuna wa kukufunza, nenda kabla wakati wanapanga timu

Dada Zuhura: Sai ndo napanga yangu. Latifa nina kupamba Alhamisi. Utakaa na yule wa waya mchana kutwa, usiku nakupa daftari la viti. Siku hio ni ya kujifunza lakini nakulipa sawa na wengine wanaoanza, nakuandikia bei inboksi sasa hivi

Latifa: Dada wallahi asante! Nivae nini

Dada Zuhura: Viatu vya kufunika visivyoteleza, suruali ndani ya buibui maana utapanda ngazi, tepu nyeupe na kalamu nzito uje nazo zako. Saa moja na nusu asubuhi gari yapita Makadara

Mama Latifa: Allah akujazi kheri Zuhura. Chakula nimfungie ama mwala huko?

Dada Zuhura: Mfungie khale, kwetu chakula ni baada ya magharibi

Ami Said: Na Jumatatu Latifa twende sote bankwiti, nina rafiki bado yuko kazini atuoneshe mlango wa wafanyakazi. Beba sivii mbili za karatasi

Latifa: Sawa ami, nazichapisha kesho