Wakuu msaada: folda ya NAS nimeifunga, mama watoto bado anaiona

Mzee_wa_Tabata: Wakuu salaam. Nina NAS ya Synology nyumbani (boksi la kutunzia mafaili ya familia kwenye mtandao), diski mbili za TB 4, RAID 1, yaani diski moja ni nakala ya nyenzake. Nimegawa folda: PICHA ni ya wote, SHULE ya watoto, MUZIKI, na MIRADI ambayo ni yangu peke yangu. Kila mtu ana akaunti yake. MIRADI nimemwekea mama watoto "hakuna ruhusa", na kweli haifunguki kwake, ila jina anaendelea kuliona na ameanza maswali. Nifanyeje lisionekane kabisa? Naomba majibu ya kitaalamu, mahubiri hapana.

Kocha_wa_Waya: Kuzuia na kuficha ni vitu viwili, mkuu. Ingia kwenye paneli, sehemu ya folda za pamoja, hariri MIRADI, utie tiki pale pa kuificha kwenye mtandao. Baada ya hapo wewe utaifikia kwa kuandika njia nzima, \\jina-la-nas\MIRADI. Halafu usijaribu akaunti yake kwenye kompyuta uliyokwisha kuingia kwa akaunti yako. Windows haikubali majina mawili kwa seva moja kwa wakati mmoja, itakutolea kosa 1219 udhani NAS imekufa. Futa kwanza miunganisho kwa net use * /delete.

Bi_Mkora: Mimi utaalamu sina. Nauliza tu, kwenye hiyo MIRADI kuna mradi gani? Au ni mradi unaosuka nywele na kuomba vocha?

Mzee_wa_Tabata: Dada, heshima. Ni karatasi za kiwanja Mkuranga. Nataka iwe sapraizi.

Mama_Ubani: Sapraizi ya kiwanja haifichwi kwa mkeo, baba. Mume wangu naye alikuwa na "sapraizi" Kigamboni. Nilikuja kuiona, ina miaka mitatu na inaitwa Junior. Kaa na mwenzio mzungumze.

Babu_Bandarini: Umenikumbusha Mei 2017, WannaCry, kile kirusi cha kufunga mafaili na kudai pesa. Ofisini kwetu kulikuwa na folda moja ya pamoja, kila mtu anaandika, SMB (njia ya Windows ya kushirikiana folda) toleo la kwanza, hakuna aliyesasisha Windows. Asubuhi mhasibu akaja mbio, mahesabu yote yamebadilika majina na kioo kina saa inahesabu kurudi nyuma. Tulizunguka kuchomoa waya kwa mikono. Kwa hiyo kijana, zima SMB1.

Kocha_wa_Waya: Babu, tunashukuru, ila hajauliza hilo. Mleta uzi, hiyo tiki umeiona?

Mzee_wa_Tabata: Paneli yangu haina hiyo sehemu.

Kocha_wa_Waya: Haina? Basi wewe si admini, msimamizi wa boksi. Admini ni nani?

Mzee_wa_Tabata: Kwani ina umuhimu?

Kocha_wa_Waya: Umuhimu wote uko hapo. Na hiyo "hakuna ruhusa" uliiweka vipi?

Mzee_wa_Tabata: Aliniwekea shemeji. Kaka yake mdogo mama watoto, anakaa kwetu, anasomea mambo ya kompyuta. Yeye ndiye aliyefunga kila kitu. Ila ni mtu wa siri sana, na nilimtoa ya soda.

Bi_Mkora: 😂😂😂 Jamani! Umemtuma mtu amfiche dada yake wa tumbo moja!

Kocha_wa_Waya: Mkuu, admini anaweza kujipa ruhusa ya folda yoyote dakika yoyote. Hata kuificha haisaidii kitu kwake. Labda ufanye folda iliyosimbwa kwa ufunguo unaobaki nao wewe, na uifunge kila ukimaliza, maana ikiwa wazi admini anaingia kama kawaida. Ukipoteza ufunguo, imekula kwako, karatasi ndiyo basi.

Mzee_wa_Tabata: Hapana, hiyo ndefu. Nimeshaamua. Usiku naminya kile kitundu cha nyuma sekunde 4 mpaka ilie, paswedi ya admini inarudi tupu, naingia mimi. RAID ipo, hakuna kitakachopotea.

Mama_Ubani: Mtu anayeiba kwake mwenyewe usiku!

Mpimaji: Ngoja kwanza. Modeli gani?

Mzee_wa_Tabata: DS124.

Mpimaji: Nilijua. DS124 ina nafasi ya diski MOJA. RAID 1 inataka mbili. Hii ni chai wakuu, tena haina hata tangawizi. Hakuna shemeji, hakuna kiwanja, jamaa anatafuta laiki.

Bi_Mkora: Aaah! Na mimi nilishavuta kiti.

Babu_Bandarini: Mimi nilishtuka pale pa Mkuranga. Siku hizi nani ana karatasi zilizonyooka Mkuranga?

Mzee_wa_Tabata: Siyo chai. Ya pili iko nje, imechomekwa USB. Shemeji alisema hiyo ndiyo RAID yenyewe.

Kocha_wa_Waya: Hiyo siyo RAID. Diski ya USB haiingii kwenye RAID ya hilo boksi. Ikiwa alipanga bekapu, huenda ina nakala. Ikiwa hakupanga, huna kitu. Usiminye chochote kabla hujajua.

Mpimaji: Bado nasema chai.

Mzee_wa_Tabata: Nimeichomoa nikaichomeka kwenye kompyuta yangu. Windows inasema niiformati ndipo niitumie. Nikubali?

Kocha_wa_Waya: USIKUBALI. Itakuwa ext4, mpangilio wa diski wa Linux, Windows haiisomi, ndiyo maana inataka kuiformati. Irudishe kwenye NAS uiangalie humo.

Mzee_wa_Tabata: Nimekataa. Ila shemeji kanitumia meseji toka chumbani kwake, eti simu yake imeambiwa diski imechomolewa bila kuagwa.

Kocha_wa_Waya: Mjibu. Muombe na paswedi hapohapo.