Genesis ya Gabriel na Genesis ya Collins: ni mwimbaji ndiye kabadilisha bendi?

cherehani_makole:
Heshima kwenu wakuu. Marehemu mjomba aliniachia redio ya kanda na kanda mbili za Genesis, ile bendi ya roki ya Uingereza. Nazisikiliza kibandani kwangu hapa Makole, Dodoma, nikishona sare za shule. Moja ni Selling England by the Pound ya 1973, anaimba Peter Gabriel. Nyingine ni Abacab ya 1981, anaimba Phil Collins. Wiki ya kwanza niliamini kuna mtu kakosea kubandika jina.

Kwenye ile ya 1973 kuna wimbo, Firth of Fifth, unaanza na piano peke yake. Katikati filimbi inaingia na tuni ya huzuni, halafu mbele gitaa linaichukua tuni ile ile na kuivuta polepole. Kila ikifika hapo naacha kukanyaga cherehani. Ya 1981 ngoma ziko mbele, nyimbo fupi, hadi tarumbeta zimo.

Rafiki yangu anasema ni mwimbaji tu, basi. Mimi naona ni mzigo mkubwa mno kwa mtu mmoja. Mnasemaje?

fundi_redio_kondoa:
Mkuu, umeruka katikati, ndiyo maana umeshtuka. Tafuta A Trick of the Tail ya 1976. Gabriel alishaondoka 1975, na Collins, mpiga ngoma wao tangu 1970, ndiye kashika maiki. Mimi niliisikiliza mara mbili nzima bila kujua mwimbaji si yule. Vinanda vya Tony Banks vipo, gitaa la Steve Hackett lipo. Collins alikuwa akimwitikia Gabriel miaka yote, kwa hiyo sikio lilishamzoea. Hata kwenye kanda yako, ule wimbo mtulivu wa More Fool Me anaimba yeye.

Hackett kaondoka 1977. Albamu iliyofuata, ya 1978, jina lake lenyewe linasema wamebaki watatu. Anzia hapo kutafuta mabadiliko yako.

da_mwajuma_ipagala:
Kaka Kondoa, nakubaliana nawe kwa Genesis, ila usiifanye sheria. Sisi wa dansi tunajua. Mwimbaji Muhidin Gurumo alipotoka bendi ya Juwata kwenda Mlimani Park, na baadaye Bichuka akamfuata, hawakuhama na sauti tu. Walikuwa watunzi, wakahama na tungo zao kichwani. Baba yangu alikuwa mtu wa Msondo, yaani wa Juwata, na hakuwasamehe kwa muda mrefu.

Marillion ndiyo mfano wa namna hiyo huko kwa Waingereza. Fish, mwimbaji wao, alikuwa ndiye mwandishi wa maneno yao. Alipoondoka 1988, bendi ilibaki na muziki mwingi tayari lakini haina maneno. Wakamleta Steve Hogarth, na John Helmer akasaidia kuandika. Seasons End ikatoka 1989. Mimi naipenda sana, lakini aliyeishi na Fish anasikia pengo: yale maneno mengi, makali, yaliyojazana kwenye mstari mmoja, hayapo. Hogarth anaacha nafasi, anavuta pumzi.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: aliyeondoka alikuwa anatunga nini?

cherehani_makole:
Asante dada, asante mkuu. Nimeisikiliza ya 1976 jana usiku kwa simu, na kweli, ni bendi ile ile. Ila nilikuwa nasubiri filimbi, haikuja. Ndipo nikakumbuka aliyekuwa akiipuliza ni Gabriel mwenyewe.

Nikarudi kwenye Firth of Fifth. Ile tuni, Hackett tayari alikuwa anayo mkononi tangu 1973, kwa hiyo Gabriel alivyoondoka ilikuwa na pa kukaa. Sasa nataka kusikia nani aliishika baada ya Hackett. Mwenye ile ya 1978, kanda au sahani, niko hapa Makole, nitashona suruali nzima bure.