Vibao vya bundi Mwanza: hiyo "Tyto alba alba Linnaeus 1758" mmeitoa wapi?

Wakuu salaam. Uzi huu ni wa kulalamika, aliyekuja kutafuta picha nzuri za ndege apite tu.

Kuna mstari mmoja unazunguka Mwanza nzima. Uko kwenye vibao vya bustani za hoteli, kwenye vipeperushi vya watembeza wageni, kwenye taarifa za wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, na sasa umeingia hadi kwenye makundi ya WhatsApp: "Bundi, TYTO ALBA ALBA LINNAEUS 1758", yaani jina la kisayansi la ndege, kisha mtoa jina na mwaka alioutoa. Mstari mmoja, na karibu kila kilichomo kina kasoro. Inaonekana wa kwanza alibuni, wa pili akanakili, na leo ukimsahihisha mtu anakuonyesha kibao cha jirani kuwa ndio ushahidi.

Tuanze na Linnaeus, yule Mswidi aliyeanzisha utaratibu wa majina haya ya Kilatini, maana huyu anagongwa kwenye kila mnyama kama mhuri wa serikali ya mtaa. Jina tunalolitumia leo si lake. Ni la Giovanni Antonio Scopoli, aliyelitoa mwaka 1769 kwa ndege wa Friuli, kaskazini mashariki mwa Italia, akamwita Strix alba. Linnaeus alimwita ndege huyohuyo Strix flammea mwaka 1766, na hapo wajuaji huruka: mbona ametangulia? Ametangulia, lakini jina alikuta lina mwenyewe. Pontoppidan alikuwa ameshalitumia Strix flammea mwaka 1763 kwa bundi mwingine kabisa, yule wa masikio mafupi ambaye leo ni Asio flammeus. Ndani ya jenasi moja (kundi la spishi zenye undugu, ndilo neno la kwanza la jina) wanyama wawili hawagawani jina. Aliyechelewa ananyang'anywa, awe Linnaeus awe nani. Hasara yake ipo mpaka leo: vitabu vya karne ya 19 vimejaa Strix flammea, na anayenakili rekodi humo bila kusoma maelezo ya ndege anaweza kukuchanganyia huyu bundi wa magofu na yule wa masikio mafupi kwenye safu moja ya jedwali.

Kati ya bundi wote nitakaowataja kwenye uzi huu kuwa wa huku kwetu, hakuna hata mmoja aliyepewa jina na Linnaeus. Hata mmoja. Kwa hiyo mkiwa na shaka, acheni nafasi wazi, msimtie Linnaeus.

Sasa mabano. Hili linanikera kuliko yote kwa sababu kanuni yake inatosha kwenye kiganja. Mtoa jina na mwaka vinawekwa ndani ya mabano pale tu ambapo ndege amehamishwa jenasi tofauti na ile aliyopewa mwanzo. Scopoli alisema Strix. Jenasi Tyto ililetwa na Billberg mwaka 1828, ndege akahamia humo. Kwa hiyo: Tyto alba (Scopoli, 1769), mabano yapo, na mkato upo kati ya jina na mwaka. Kupandishwa au kushushwa cheo, kutoka spishi kwenda nususpishi (tawi la spishi la eneo fulani, ndilo neno la tatu la jina) au kurudi, hakuleti mabano. Chukueni bundi mdogo wa Pemba. Pakenham alimtaja mwaka 1937 kama Otus pembaensis, spishi kamili. Baadaye akashushwa akawa nususpishi ya yule wa Madagaska, Otus rutilus pembaensis, kisha akarudishiwa cheo chake, mlio wake ukiwa moja ya hoja kubwa. Muda wote huo amebaki kwenye Otus, kwa hiyo Pakenham, 1937 anakaa bila mabano. Nimeona watu wanamwekea mabano "ili ifanane na wengine". Mabano si pambo!

Tuje kwenye hiyo alba ya pili. Mkirudia jina mara mbili mnasema kitu mahususi: kwamba huyu ni wa kundi lilelile alilolitaja Scopoli, la magharibi na kusini mwa Ulaya pamoja na Afrika Kaskazini. Kumwandikia hivyo bundi anayelala kwenye ghala la pamba au kwenye pango la majabali ya Mwanza ni sawa na kumwandikia sangara wa Kirumba kwamba kavuliwa Mediterania.

Wa kwetu ni nani basi? Hapa kuna mgogoro wa kweli, na ndio unaostahili wino. Louis Fraser, aliyekwenda na msafara wa Niger wa 1841, alitoa jina Strix poensis kwa bundi wa kisiwa cha Fernando Po, leo Bioko. Orodha nyingine za majina ya ndege zinaandika 1842, nyingine 1843. Msishangae: taarifa za vikao vya chama cha zuolojia cha London zilikuwa zinachapishwa baadaye, na kinachohesabika ni tarehe ya kuchapwa, si ya kikao. Mwaka 1862 Edward Blyth akaja na Strix affinis kwa ndege wa Rasi, Afrika Kusini. Affinis maana yake mwenye undugu, yaani jina lenyewe linakiri kwamba tofauti si kubwa. Kwa miaka mingi mgawanyo ukawa hivi: poensis abaki Bioko, affinis achukue bara karibu lote kusini mwa Sahara, sisi wa ziwani tukiwemo. Mwaka 1928 Grote akaongeza hypermetra kwa wale wakubwa wa Komoro na Madagaska.

Halafu wakatokea wanaosema wa Bioko na wa bara hawatofautiani kiasi cha kustahili majina mawili. Ukikubaliana nao, jina linalobaki ni lile la zamani zaidi, poensis, kwa kanuni ya kutangulia. Haijalishi kwamba affinis ndilo lililozoeleka, wala kwamba eneo lake ni kubwa mara elfu kuliko kisiwa. Kwa hiyo bundi wa Mwanza ni Tyto alba affinis (Blyth, 1862) kwa anayewatenganisha, na Tyto alba poensis (Fraser, 1843) kwa anayewaunganisha. Zote mbili unaweza kuzitetea. Alba alba huwezi, na kuandika "affinis/poensis" kwa mkwaju katikati ni kukwepa kazi. Chagua orodha moja, taja jina lake na mwaka wake mwanzoni mwa taarifa, uifuate mpaka ukurasa wa mwisho.

Na tafadhali, picha ya simu ya usiku haithibitishi nususpishi. Mwanga wa simu unamfanya kila bundi awe mweupe. Majike kwa kawaida wana madoa mengi na rangi nyekundu zaidi kuliko madume, kwa hiyo dume na jike wa ghala moja wanaweza kuonekana kama "nususpishi mbili". Majina ya namna hii yanatokana na kulinganisha ndege wengi wa eneo zima, mabawa yakipimwa na ngozi zikilazwa bega kwa bega mezani. Unachoandika kwenye jina la tatu kinatokana na mahali, si na uso wa ndege uliyempiga picha. Kama huna uhakika, Tyto alba inatosha. Kama hata hilo huna uhakika nalo, Tyto sp., yaani Tyto ambaye spishi yake haijajulikana, ni jibu la heshima kabisa.

Maana mtego mwingine upo mabwawani. Tyto capensis anafanana naye uso, ila mgongo wake ni wa kahawia iliyokoza karibu na nyeusi, miguu mirefu, na anazalia chini kwenye nyasi. Huyo hamkuti darini. Na mkiandika "capensis" peke yake bila jenasi, kama ilivyo kwenye taarifa moja ya mabwawa inayosambazwa, hamjasema kitu. Andrew Smith mwaka 1834 alitoa jina hilo kwa bundi wanne: leo ni Tyto capensis, Asio capensis wa matopeni mwenye macho meusi, Bubo capensis wa milimani, na yule mdogo Glaucidium capense. Mwisho umegeuka kuwa -e kwa sababu Glaucidium haina jinsia ya kiume wala ya kike katika Kilatini. Huyo wa Bubo pekee ndiye hana mabano, kwa kuwa tangu mwanzo aliitwa Bubo. Poensis nayo iko mara mbili: Fraser huyohuyo alimpa bundi mkubwa wa msituni jina Bubo poensis mwaka 1854. Mtu akiandika "poensis, Fraser" halafu basi, tujue ni yupi?

Wanaoagiza vibao, mwambieni mchoraji hivi: T kubwa, herufi nyingine zote ndogo, maneno ya Kilatini yalazwe. Kama brashi yake hailazi herufi, apige mstari chini yake. Jina la mtu na mwaka havilazwi. Hakuna "ssp." (kifupi cha nususpishi) katikati, wa mimea ndio wanaoweka "subsp.", wa wanyama maneno matatu yanafuatana tu.

—

JabaliKavu: Mkuu umechachamaa, lakini mtaani bundi ni uchuro tu. Akitua juu ya bati watu wanatafuta mawe. Jina la tatu linamsaidia nani hapo?

—

Mwanzisha uzi: Halimsaidii aliyeshika jiwe, linamsaidia anayehesabu. Chukua bundi mdogo mwenye uso mweupe na fremu nyeusi. Zamani aliitwa Otus leucotis, na wa kusini walikuwa nususpishi granti, jina la Kollibay la 1910. Baadaye wakahamishiwa Ptilopsis, na wa kusini wakawa spishi yao, Ptilopsis granti, sababu kubwa ikiwa mlio: wa kaskazini ana sauti mbili fupi, wa kusini anatetema haraka kisha anapandisha. Rekodi ya Tanzania iliyoandikwa Otus leucotis granti inahama yenyewe kwenda jina jipya bila kuuliza mtu. Iliyoandikwa Otus leucotis tu, bila mahali, imebaki yatima. Na hata Tyto alba yenyewe imeshapunguzwa: wa Amerika sasa kwa wengi ni Tyto furcata, wa Asia ya kusini mashariki na Australia ni Tyto javanica, na utafiti wa vinasaba wa 2018 ulionyesha nasaba kuu tatu. Ndiyo maana jina la tatu la kubuni ni baya kuliko kukosa jina la tatu. Rekodi ya "alba alba" ya Mwanza itahamishiwa Ulaya na kompyuta isiyojua utani.

—

Mama Sampuli: Naongezea la makabati ya ndege waliokaushwa, kwa sababu kuna maabara za shule zinafuta lebo za zamani kwa kalamu ya kusahihishia ili "ziende na wakati". Msifute kamwe. Lebo ya kwanza inabaki kwenye mguu wa ndege hata kama imekosewa. Funga ya pili kwa uzi wa pamba, andika kwa penseli au wino usioyeyuka: jina jipya, orodha uliyoifuata, tarehe ya leo, na aliyebadilisha. Mahali alipopatikana pasiandikwe "Mwanza" tu. Mkoa una visiwa, mabwawa na majabali. Andika kata, na kama ni Ukerewe sema Ukerewe. Wino wa kalamu ya kawaida ukikutana na spiriti unakimbia, na hapo mmepoteza vyote viwili.

—

Mdau wa Igoma: Sisi tuna kibao kimeshachorwa cha yule mkubwa mwenye kope za waridi, kimeandikwa Bubo lacteus (Temminck, 1820). Juzi kijana ananiambia sasa ni Ketupa. Tupake upya?

—

Mwanzisha uzi: Hicho kibao hakina kosa, dada, ni cha orodha ya nyuma. Temminck alimwita Strix lactea, akahamia Bubo ambayo ni ya kiume, ndipo akawa lacteus. Orodha za karibuni zimempeleka Ketupa kwa sababu ya vinasaba, na kwa kuwa Ketupa inachukuliwa kuwa ya kike, anarudi kuwa lactea kama mwanzo. Mabano yanabaki, kwa sababu Strix si Ketupa. Msipake upya kibao kizima. Funika mstari wa Kilatini peke yake kwa kipande cha bati kilichopakwa, skrubu mbili, ili kesho wakimhamisha tena mbadilishe bati. Ila huyo kijana muulize kama ameandika "Ketupa lacteus". Wengi wanahamisha jenasi na kusahau mwisho wa jina.