Mjadala: Wilson Simonal alistahili kufutwa kwenye muziki wa Brazil?

Wadau, nimemjua huyu mwimbaji kupitia dokumentari ya Kibrazil iliyotoka mwaka 2009. Gilberto Gil na Jorge Ben nawasikiliza siku zote, lakini jina la Simonal sikuwahi kulisikia. Sababu yake ndiyo ninayotaka tuijadili.

Alizaliwa Rio mwaka 1938, mtoto mweusi wa mfanyakazi wa ndani. Kufikia 1969 hakuna aliyemgusa. Mwaka huo alipewa kazi ya kumtangulia jukwaani mwanamuziki Sérgio Mendes katika ukumbi wa Maracanãzinho, watu takriban 30,000, akawagawa makundi, hawa waimbe juu, wale chini, akawaongoza kwa mikono mpaka usiku ukawa wake. Jamani, yule mtu alikuwa na kipaji!

Mwaka 1971 akamshuku mhasibu wake kwamba anamwibia. Mhasibu akachukuliwa na watu wa DOPS, polisi wa kisiasa wa udikteta wa kijeshi uliotawala Brazil wakati huo, akapigwa hadi akasaini kwamba ameiba. Kesi ikafika mahakamani, Simonal akatiwa hatiani kwa kisa hicho. Humo humo ikajitokeza habari kwamba alikuwa mtoa habari wa polisi. O Pasquim, gazeti la kejeli lililopinga udikteta, likamshikia bango, redio na televisheni zikamfungia milango, na mpaka anafariki mwaka 2000 hakuinuka tena.

Wanaomtetea wanasema ushahidi wa usnichi haukupatikana kwenye kumbukumbu za serikali, na mwaka 2003 hata chama cha wanasheria cha Brazil kilimsafisha. Wanaompinga wanakumbusha kwamba Gil na mwanamuziki mwenzake Caetano Veloso walikamatwa na udikteta huo huo mwishoni mwa 1968, wakaishia uhamishoni London. Kwa watu wa enzi hiyo, kutajwa pamoja na DOPS halikuwa jambo la kusameheka. Nawaelewa.

Ninachoona mimi ni kwamba aliadhibiwa kwa kosa lisilothibitika, na lile lililothibitika likasahaulika. Yule mhasibu nani alimuuliza? Miaka zaidi ya thelathini inapita, ndipo filamu inamweka mbele ya kamera aeleze mwenyewe alivyoteswa. Hapo ndipo nilipoacha kumhurumia Simonal kirahisi.

Suala la rangi nalo silipuuzi. Elis Regina, mwanamke mweupe, aliimba kwenye michezo ya jeshi mwaka 1972. O Pasquim hilo hilo likamchora kwa katuni akiwa makaburini, kana kwamba kwao ameshakufa, lakini kufikia 1979 sauti yake ndiyo iliyobeba wimbo wa kudai msamaha kwa waliokimbia nchi. Alisamehewa. Ila Elis hakumpigisha mtu.

Msimamo wangu: nyimbo zake zipigwe, na kila anayesimulia kipaji chake asimulie pia kilichompata mhasibu. Nyie mnaosema nyimbo zake zisipigwe kabisa, hukumu ya mahakama haikutosha? Na nyie mnaosema alionewa tu, mhasibu mnamwambia nini?