Sato wamedumaa: ni mbegu au ni bwawa? Naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Nafuga samaki aina ya sato kwenye bwawa la udongo huku Kanda ya Ziwa. Vifaranga waliingia siku moja na wanakula chakula kimoja, ila sasa wengine wanakaribia nusu kilo na wengine hawazidi kiganja.

Najua jike huatamia mayai mdomoni na kipindi hicho halili, kwa hiyo dume humpita. Bwawa likijaa samaki pia, sato huanza kuzaa akiwa bado mdogo, hapo vinasaba havina kosa. Kinachonitatiza ni madume: nao wamo kwenye kundi la wadogo, na baadhi wana sura tofauti kidogo. Sato hupandana na perege wa jamii nyingine, isije ikawa niliuziwa machotara! Na kasi ya kukua hurithiwa kweli. Ndiyo iliyozaa GIFT, mradi wa kuboresha mbegu ya sato ulioanza Ufilipino mwaka 1988 kwa kuchanganya sato wa Afrika na wa Asia.

Je, niwatenge madume wakubwa na wadogo kwenye vizimba vya neti, idadi sawa, niwapime? Au nizalishe kila kundi kivyake nilinganishe watoto? Na kipimo cha vinasaba, mfugaji mdogo anakipata wapi?