Ushauri: Mzee wangu anasafishwa damu, chakula hakigusi kabisa

Binti_Tandahimba: Wakuu, habari za usiku. Mzee wangu figo zote mbili zimekufa, anasafishwa damu Mtwara mjini, huu ni mwezi wa nane tangu aanze. Tatizo kula. Jana nimempikia samaki changu, mchuzi mwepesi. Akaumega mnofu, akautafuna kidogo, akasema "ladha ya msumari", akasukuma sahani. Suruali sasa anaifunga kwa kamba. Dawa gani inarudisha hamu ya kula? Nimechanganyikiwa.

Mchuruzi: Saga korosho utie kwenye uji. Sisi Newala ndizo zilizotukuza.

Kaka_Shangani: Korosho kwa mtu wa figo? Zina fosforasi na potasiamu tele. Usimsikilize.

MamaZuu: Juisi ya mbirimbi, shoga. Mama mkwe alipotoka kwenye malaria alikuwa hali, nikamkamulia glasi, jioni akaomba wali mwenyewe. Yule mama ana maneno, lakini siku ile alinisifu mbele ya mawifi.

Nesi_Mstaafu: Mbirimbi usithubutu! Ina oksaleti nyingi, imeshaua hata figo za watu wazima wa afya. Binti, baba yako hana deko. Njaa inaitwa na homoni ya tumboni, grelini, Wajapani waliitangaza 1999. Shibe inapelekwa kwenye ubongo na leptini, inayotoka kwenye mafuta ya mwili, iligunduliwa 1994. Figo ndizo zinazoiondoa leptini, zikifa inajazana, ubongo unadhani mtu kashiba. Grelini nayo inajazana, ila sehemu kubwa ni ile isiyoamsha njaa. Ongeza hapo asidi inayojaa kwenye damu na uchafu uliotakiwa kutoka na mkojo, ndiyo huo msumari mdomoni. Mashine haiitoi leptini vizuri, lakini huo uchafu inautoa. Anasafishwa mara ngapi kwa wiki?

Binti_Tandahimba: Ratiba yake ni mara tatu, masaa manne kila mara.

Nesi_Mstaafu: Ratiba sijauliza. Anakwenda mara ngapi?

Binti_Tandahimba: Mara moja. Tangu mwezi jana. Hela ya korosho iliisha, na nauli ya watu wawili kutoka huku si mchezo. Halafu mwenyewe akirudi anakuwa hoi siku nzima. Nikaona apumzike, ale kwanza, akipata nguvu turudie tatu. Vidonge vya kuongeza mwili nimeshanunua dukani, amemeza siku mbili, analala tu. Msinihukumu, niko peke yangu.

Mzee_wa_Masasi: Mnameza dawa za maumivu kama karanga miaka yote, mkiugua mnakuja kulia mtandaoni. Tumrudie Mungu.

Fundi_Baiskeli: Huyo changu kama yupo bado, nipo njiani.

Mpekuzi_Lindi: Hii chai. Mtu wa mashine mara moja kwa wiki, mwezi mzima, yuko hai na anasukuma sahani? Subirini, namba ya kuchangia inakuja.

Kaka_Shangani: Hata mimi nimeanza kuwaza.

Binti_Tandahimba: Sijaomba hata shilingi. Mkono wake wa kushoto walipounganisha mishipa, ukiweka kiganja unanguruma kama mzinga wa nyuki. Kila usiku nashika kabla sijalala, nisikie kama bado unanguruma. Hiyo nayo nimetunga?

Mwaka_wa_Nne: Hajatunga. Wangu unanguruma hivyohivyo, na mke wangu anaushika hivyohivyo. Dada, bado anakojoa?

Binti_Tandahimba: Kama kikombe cha chai kwa siku.

Mwaka_wa_Nne: Ndicho kilichomweka hadi leo, Mpekuzi. Lakini hakitamweka siku zote. Mimi niliporuka wiki moja tu, maji yalipanda kifuani, nikalala nimekaa. Na chakula nilikichukia kuliko dawa.

Nesi_Mstaafu: Mwanangu, umeanza kinyume. Hali kwa sababu hasafishwi. Vidonge acha, nenda navyo wavione. Mwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali kuhusu gharama, usione haya. Anayesafishwa anahitaji protini gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, kwa hiyo samaki na mayai, kidogokidogo. Mpe kikiwa kimepoa, tone la ndimu, kijiko cha mti.

Mpekuzi_Lindi: Dada, nisamehe. Nauli ya kesho nitumie wapi?

Binti_Tandahimba: Asante kaka, ya kesho ninayo. Tunapanda basi la alfajiri. Nimemwambia, kanyamaza, kisha kauliza kama ule mchuzi umebaki. Nimemfungia kwenye kontena, umeshapoa.